Mfuko wa Shilingi 50 kwa Nyama ya Shilingi 5,000

Wizara ya Kilimo ya Marekani huwaambia walaji kwamba nyama iliyokaushwa nyumbani ikae mwezi mmoja au miwili nje ya friji, na ile iliyokaushwa na kufungashwa kiwandani ikae miezi 12. Viwanda hutumia chumvi kwa vipimo, dawa za kuhifadhi na usimamizi mkali, na hayo yana sehemu yake katika pengo hilo. Lakini mfuko nao una sehemu yake, na kwa mkaushaji mdogo wa kuku huku kwetu ndio unaobadilika kwa urahisi kuliko vyote. Bahati mbaya ndio pia wa kwanza kupunguziwa gharama, kwa sababu huja mwishoni, wakati pesa imeshaisha kwenye nyama.

Tuanze na nyama hiyo. Kuku wa mayai akifika kati ya wiki ya 72 na ya 80, utagaji wake huwa umeshuka hadi haulipi tena chakula anachokula, na mfugaji humtoa bandani. Banda hutolewa lote kwa mkupuo. Mwenye kuku 500 anataka kuwauza wote ndani ya siku chache, na wachuuzi wanalijua hilo vizuri. Kukausha kunamnunulia muda. Nyama ya kuku huyo ni ngumu kwa kukaanga, lakini ikichemshwa, ikachambuliwa nyuzinyuzi na kukaushwa, hutoa kitoweo kizuri kinachorudi laini ndani ya mchuzi.

Hesabu nitakayofanya hapa ni ya mfano. Kila mmoja aweke bei za soko lake. Kuku wa kilo 1.7 akiwa hai hubaki na kilo 1.1 hivi baada ya kunyonyolewa na kutolewa utumbo. Ukitoa ngozi na mifupa unabaki na kama gramu 550 za mnofu. Katika kila gramu 100 za mnofu wa kifua, 75 ni maji, 22 ni protini, 2 ni mafuta na 1 ni madini. Ukikausha mpaka maji yabaki asilimia 10, kilo moja ya mnofu inakuwa gramu 278. Kwa hiyo kilo moja ya nyama kavu hula kilo 3.6 za mnofu mbichi, yaani kuku sita na nusu.

Kuku akinunuliwa kwa shilingi 9,000, na miguu, shingo, firigisi, maini na mifupa ya supu ikarudisha 2,500, mnofu wake umegharimu 6,500. Mara sita na nusu ni 42,250. Kukausha kunahitaji kutoa kilo 2.6 za maji. Kila kilo ya maji hudai karibu megajuli 2.4 ili igeuke mvuke, kwa hiyo jumla ni megajuli 6.2, sawa na yuniti 1.7 za umeme. Kikaushio cha kawaida hupoteza joto jingi. Kikitumia vizuri asilimia 40 tu, mita itasoma yuniti 4.3. Kwa shilingi 350 kwa yuniti, hiyo ni 1,500. Vibarua, maji, chumvi na kuni za kuchemshia vichukue 6,250. Jumla ni shilingi 50,000 kwa kilo kavu, au 5,000 kwa pakiti ya gramu 100. Sehemu kubwa mno ya pesa hiyo ni kuku wenyewe. Umeme ambao watu huulalamikia sana ni asilimia 3.

Pakiti hiyo ya 5,000 ndiyo mara nyingi hutiwa kwenye mfuko mwepesi wa polithini wa shilingi 50, ikazibwa kwa mshumaa au kwa mashine ndogo ya joto, na kupangwa dukani. Polithini ina sifa njema na inazistahili, kwa kuwa inazuia maji. Mtu akiona maji hayapiti, huamini hewa nayo haipiti. Kumbe inapita, tena kwa wingi.

Filamu ya polithini laini yenye unene wa maikroni 25 hupitisha oksijeni kiasi cha sentimita za ujazo 7,000 kwa kila mita ya mraba kwa siku, pale upande mmoja unapokuwa na oksijeni tupu na mwingine hauna kabisa. Tuchukue mfuko mzito zaidi, wa maikroni 50, wenye sentimita 15 kwa 20. Unene mara mbili hupunguza kasi kwa nusu, hewa yetu ina oksijeni asilimia 21 tu, na pande mbili za mfuko zina mita za mraba 0.06. Zidisha zote: sentimita za ujazo 44 za oksijeni kwa siku. Mtu anayenunua mashine ya kufyonza hewa kisha akatumia mifuko ya polithini peke yake, hewa aliyoifyonza asubuhi inaanza kurudi mchana uleule, hata kama hakuna tundu.

Je, sentimita 44 ni nyingi? Hapo lazima tuangalie mafuta. Kukausha hakuyaondoi, kunayakusanya. Asilimia 2 ya mafuta kwenye kifua kibichi inakuwa 7 kwenye kifua kikavu, na paja lililotolewa ngozi, lenye asilimia 4 likiwa bichi, hufika 14. Tena mafuta ya kuku yana sehemu kubwa kuliko ya ng'ombe ya aina ile inayoungana na oksijeni upesi, na kuchemsha huachia madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama, ambayo huuharakisha muungano huo. Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kufungua kopo la kuku wa zamani: harufu ya mafuta yaliyochacha, ladha ya ukali inayobaki kooni, na rangi iliyofifia.

Codex Alimentarius, mpango wa viwango vya chakula wa FAO na WHO, umeweka ukomo wa namba ya peroksaidi kuwa 10 kwa mafuta ya kula yaliyosafishwa. Namba hiyo hupima oksijeni iliyokwisha kushikwa na mafuta. Ukiigeuza kuwa ujazo wa hewa, gramu 7 za mafuta zilizomo katika pakiti yetu hufika ukomo huo, kwa makadirio, baada ya kunywa oksijeni isiyotimia sentimita moja ya ujazo. Chini ya moja. Na nyuzi za kuku gramu 100 hukaa kwenye nafasi ya kama sentimita 400, ambazo 300 kati yake ni hewa, na ndani ya hewa hiyo mna oksijeni 63. Pakiti iliyozibwa kwa uangalifu wote, bila tundu hata moja, imefungiwa ndani adui mara 60 ya kiasi kinachotosha kuiharibu. Kinachoiokoa kwa wiki kadhaa ni kwamba mafuta hayawezi kuinywa oksijeni yote kwa mara moja. Kasi hiyo huongezeka kwa joto, takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, na huongezeka kwa mwanga pia. Pakiti angavu inayoning'inia mlangoni mwa duka, juani, inapata yote mawili.

Sasa tulinganishe filamu nyingine kwa mfuko uleule wa sentimita 15 kwa 20. Mfuko wa tabaka mbili, nailoni halisi nje na polithini ndani, ambao ndio mfuko wa kawaida wa mashine za kufyonza hewa, hupitisha kama sentimita za ujazo 50 kwa mita ya mraba badala ya 3,500. Kwa hesabu ile ile inaingia 0.63 kwa siku, na zile 63 zilizofungiwa ndani ya pakiti ya kawaida zitahitaji siku 100 kuingia. Plastiki ya poliesta iliyopakwa utando wa aluminiamu hupitisha takriban 1 kwa mita ya mraba, sawa na 1.3 kwa pakiti kwa siku 100. Karatasi halisi ya aluminiamu iliyobanwa katikati ya plastiki haipitishi chochote cha kuhesabika, ila pale ilipokunjwa vibaya ikapasuka.

Wauzaji wa vifungashio huziita hizi mbili za mwisho kwa jina moja, na bei zake hazilingani. Ingiza simu yenye tochi iliyowashwa ndani ya mfuko, gizani. Mwanga ukionekana kwa upande wa pili, mfuko huo ni plastiki iliyopakwa aluminiamu. Bado ni mfuko mzuri, lakini usiulipie bei ya karatasi halisi.

Kwa upande wa maji, mambo ni mepesi zaidi, na hapa polithini inastahili kutetewa. Nyama iliyoachwa wazi hufuata unyevu wa hewa inayoizunguka. Dodoma wakati wa kiangazi gunia zima linaweza kukaa bila taabu. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70 na alfajiri hupanda zaidi, nyama hiyohiyo itanyonya maji mpaka ifike kiwango ambacho kuvu huota. Wataalamu hupima maji huru kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1: kuvu nyingi huhitaji angalau 0.70 au zaidi, na zile zinazovumilia ukavu huishia 0.61. Mfuko wa polithini wa maikroni 50 katika hali ya pwani huingiza gramu chache tu za maji kwa miezi mitatu kwenye pakiti yetu. Ikiwa nyama iliingia ikiwa na maji asilimia 10, inazimudu. Ikiwa iliingia na asilimia 18 kwa sababu mkaushaji alikuwa na haraka, gramu hizo chache ndizo zitakazoleta kuvu.

Kishawishi cha kuacha maji kinaeleweka kabisa kwa hesabu. Kilo ya mnofu ikikaushwa hadi asilimia 10 hutoa gramu 278. Ikiachwa kwenye asilimia 20 hutoa 313. Ni ongezeko la gramu 35, karibu asilimia 13 ya uzito wa kuuza, bila kuongeza kuku hata mmoja. Hapo ndipo ufungashaji huanza kutumika vibaya. Mwongozo wa Marekani kwa nyama kavu unataka kuku apashwe joto hadi nyuzi 74 kabla ya kukaushwa, kisha maji huru yashuke hadi 0.85 kama pakiti ina hewa. Kwa pakiti iliyofyonzwa hewa unaruhusu 0.91, kwa kuwa bakteria wa Staphylococcus aureus, anayeweza kukua mpaka 0.86 akiwa na oksijeni, huishiwa nguvu mapema akinyimwa. Kwenye karatasi ni nafuu halali. Mimi sishauri mkaushaji wa hapa aitumie. Nyuzi kavu za kuku zina ncha kali, na mfuko uliofyonzwa hewa huzibana ncha hizo dhidi ya filamu. Tundu lisiloonekana kwa macho, baada ya safari ya basi kutoka Singida, linarudisha hewa, na nyama iliyoachwa kwenye 0.91 haina tena ulinzi wowote. Kausha hadi chini ya 0.70, kisha fungasha, ili pakiti ikitoboka mlaji apoteze ladha na si afya.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walilitatua tatizo la hewa kabla ya plastiki kuwapo. Nyirinyiri, vipande vya nyama ya ng'ombe au ngamia vilivyokaushwa na kukaangwa, huhifadhiwa ndani ya mafuta yaliyoganda. Mafuta hayo yenyewe ni kizuizi cha hewa. Kwa kuku njia hiyo ni ngumu kuiiga moja kwa moja, kwa sababu mafuta yake ni laini na huchacha upesi kuliko ya ng'ombe, lakini wazo lake ni sahihi kuliko la mfuko mwepesi wenye hewa.

Turudi kwenye pesa. Tuseme mfuko wa polithini ni shilingi 50, wa nailoni na polithini 200, wa aluminiamu 350, na pakiti ndogo ya kufyonza oksijeni 150. Pakiti hizo hutumia unga wa chuma unaoshika kutu: gramu moja ya chuma inaweza kunywa kama sentimita 300 za oksijeni, hivyo ile ya sentimita 100 inatosha kabisa kwa zetu 63. Kampuni ya Mitsubishi Gas Chemical ya Japani iliziingiza sokoni mwaka 1977, na leo zinatumika dunia nzima. Zisichanganywe na chembe za silika, ambazo hunyonya maji na haziigusi oksijeni hata kidogo.

Mkaushaji mdogo anayetoa kilo 20 kwa mwezi ana pakiti 200. Akinunua mashine ya kufyonza hewa kwa shilingi 1,200,000 na kuigawa kwa miaka mitatu, kila mwezi inamdai 33,000, sawa na 167 kwa pakiti. Ukijumlisha na mfuko, pakiti inamgharimu 367. Aluminiamu pamoja na kifyonza oksijeni ni 500, bila mashine hiyo, maana mashine ya kuzibia kwa joto anayo tayari. Tofauti ni 133 tu, na kwa nyuzi zenye ncha ningechagua aluminiamu bila kusita, kwa kuwa mfuko wake haubanwi, hivyo hautoboki kirahisi, na mwanga hauingii. Akikua hadi pakiti 2,000 kwa mwezi, mashine inashuka hadi shilingi 17 kwa pakiti, pakiti iliyofyonzwa hewa inakuwa 217, na pengo linafika 283. Hapo anaweza kuanza kufikiria nailoni kwa mzigo unaouzwa ndani ya miezi miwili, na aluminiamu kwa unaokwenda mbali.

Kutoka polithini ya 50 hadi aluminiamu na kifyonza ya 500 ni nyongeza ya 450. Pakiti iliyochacha inapoteza 5,000. Kwa hiyo mfuko mzuri unajilipa ukiokoa pakiti 9 katika kila 100. Anayeuza zote ndani ya wiki mbili kwenye mji mkavu hatapoteza 9, na polithini inamtosha. Asishinikizwe na mtu yeyote kununua kingine. Anayetuma pwani mzigo wa kukaa rafu miezi mitatu, sioni atakavyokwepa kuzipoteza hizo 9.

Kuna gharama nyingine isiyolipwa dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, zote zikiacha nafasi kwa vifungashio vya bidhaa viwandani. Mifuko ya tabaka mchanganyiko, aluminiamu na plastiki zilizogandishwa pamoja, imo kwenye nafasi hiyo, na karibu haiwezekani kuirejeleza. Kila pakiti ya namna hiyo inaishia jalalani. Dhidi yake kuna kuku waliooza baada ya kulishwa, kuchinjwa na kukaushwa kwa nishati yote ile. Naona mzani unaelemea upande wa kuiokoa nyama, mradi mfuko huo utumike pale tu muda wa rafu unapoudai.

Swali gumu kuliko yote ni la pakiti ndogo, ambayo ndiyo wanunuzi wengi wa kipato cha chini wanaimudu. Mfuko wa kilo moja, sentimita 30 kwa 40, una sentimita za mraba 2.4 za filamu kwa kila gramu ya nyama. Wa gramu 100 una 6. Wa gramu 25, sentimita 10 kwa 13, una 10.4. Anayenunua kidogo anapata filamu mara nne zaidi ya kuingizia oksijeni kwa kila gramu, yaani nyama yake huchacha kwanza. Na ukitaka kumpa aluminiamu, mfuko mdogo wa 150 pamoja na kifyonza cha 150 ni shilingi 300 juu ya nyama ya 1,250, asilimia 24. Hawezi kuulipia.

Njia ipo, na inatumia udhaifu uleule wa polithini. Fungasha gramu 25 kwenye vifuko vyepesi vya polithini vya shilingi 20, viweke 40 ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa aluminiamu wa 1,200, tia kifyonza kimoja kikubwa cha sentimita 1,000 cha shilingi 800, kisha ziba. Kila kifuko kina oksijeni kama 16 ndani, na kwa kuwa polithini inapitisha 30 na ushee kwa siku pale kasi inapokuwa ya juu, oksijeni hiyo inatoka kupitia kuta za kifuko na kufyonzwa na chuma kwa siku chache tu. Gharama ni 20 na 50, jumla shilingi 70 kwa kifuko, chini ya asilimia 6 ya nyama. Mzigo unaweza kukaa ghalani na kusafiri hivyo kwa miezi. Saa ya kuchacha inaanza siku muuza duka anapoukata mfuko mkubwa, kwa hiyo juu yake pachapishwe kwa herufi kubwa tarehe ya mwisho ya kabla ya kufunguliwa, na chini yake maneno kwamba ukifunguliwa vifuko vyote 40 viuzwe ndani ya wiki mbili.